Gari Jeupe la Karyadi

Gari la Karyadi lilikuwa linakuja "wiki ijayo" kwa mwezi wa tatu sasa. Kila Wuryani, mkewe, alipompigia simu mdogo wake Seno kule kwenye duka la magari, jibu lilikuwa lile lile, limebadilishwa nguo tu: mara meli imechelewa, mara watu wa forodha wamekuwa wakali, mara kiwanda kimeishiwa betri. Seno hakukosa jibu. Ndiyo maana alikuwa muuzaji.

"Mbak, tulia," alimwambia asubuhi hiyo, kwa jina lile la heshima la Kijava alilomwita dada yake tangu alipojua kusema. "Nyie ni namba sita kwa magari meupe. Sita! Kuna watu huko wako namba mia na kitu, na wanalala fofofo. Wewe unakosa usingizi kwa nini?"

"Kwa sababu hao wa namba mia hawajauza gari lao la zamani. Sisi tumeuza. Na wewe ndiye uliyetuambia tuuze."

"Niliwaambia muuze bei ikiwa nzuri. Nimesema uongo?"

"Seno, tarehe moja ni Jumatatu hii inayokuja."

"Najua, Mbak. Nalishughulikia kama langu mwenyewe."

Wuryani akakata simu, akarudi kwenye meza yake ya pecel mbele ya nyumba, ambako wanawake wawili walikuwa wanasubiri mboga zao za kuchemsha na mchuzi wa karanga. Mmoja wao alikuwa Bu Tatik, yaani Mama Tatik, jirani wa nyumba ya pili, ambaye hakuwahi kununua pecel bila kuongeza pilipili ya maneno.

"Bu Wur, gari bado?"

"Wiki ijayo."

"Kwani linakuja kwa miguu?"

Wakacheka. Wuryani naye akacheka, maana muuza chakula hana ruhusa ya kumnunia mteja, lakini mchuzi aliomwaga ulichuruzika mpaka nje ya karatasi na ikabidi aufunge upya.

Ukweli ni kwamba nyumba nzima ilikuwa imening'inia kwenye gari hilo. Karyadi alikuwa dereva. Kwa miaka mingi aliwachukua mainjinia wa kiwanda kimoja cha Cikarang kutoka hotelini mpaka kazini na kuwarudisha, kwa gari lake mwenyewe, kwa mkataba. Sasa kiwanda kilikuwa kimetangaza kwamba kuanzia tarehe moja gari la petroli halitaingia getini. Pak Gunadi wa ofisi ya usafiri, Pak au Bapak ndiyo bwana, alimwita Karyadi akamweleza kwa wema kabisa: leta gari la umeme, mkataba ni wako kwa miaka mitano, usipoleta, nina wengine wanaonipigia simu kila siku. Karyadi hakutaka kungoja aambiwe mara mbili. Siku ya kwanza kabisa ambayo gari lile lilifunguliwa kuagizwa, alikuwa mlangoni mwa duka la Seno kabla hata mfagiaji hajafika. Kuagiza gari na kulisubiri, watu wa huku wanakuita inden, na hulitamka neno hilo kwa fahari kidogo, kama mtu anayetangaza mimba.

Akalipa lote, taslimu. Gari la zamani likauzwa, na shamba la mpunga ambalo Wuryani aliachiwa na wazazi wake kule Klaten nalo likauzwa. Seno mwenyewe alipendekeza wachukue mkopo, walipe kidogo kidogo, lakini hapo Karyadi alikuwa mgumu. Zamani aliwahi kununua pikipiki kwa mkopo, na wakusanya madeni wakaja kuichukua mbele ya majirani, yeye akabaki amesimama barabarani na helmeti kichwani. "Riba haingii tena nyumbani kwangu," alisema, na Wuryani alimpenda zaidi kwa neno hilo.

Sasa Wuryani alimwona kutoka pale mezani kwake, anafagia nafasi tupu ya gari kando ya ukuta. Aliifagia kila asubuhi. Alikuwa ameshaondoa vyungu vya maua vya mkewe, ameshalipia umeme wa nyumba uongezwe nguvu, na soketi mpya ya kuchajia alikuwa ameifunika kwa mfuko wa plastiki isiingie vumbi. Wuryani akaona huruma na hasira vikimpanda kwa pamoja, na hakujua hasira ile aielekeze kwa nani.

*

Ijumaa, baada ya kufunga meza, alivaa batiki yake ya harusini, akapanda bodaboda mpaka kwenye duka la magari bila kumwambia mtu. Alijua Seno siku hiyo yuko mapumziko. Alitaka kusikia kwa masikio yake.

Mlinzi alifungua mlango wa kioo nusu tu. "Bu, chakula cha wafanyakazi kinapitia mlango wa nyuma."

"Sikuleta chakula. Nimekuja kuulizia gari langu."

Mlinzi akamwangalia viatu, halafu usoni, halafu akakumbuka kazi yake. "Oo. Samahani, Bu. Karibu, Bu."

Meneja alikuwa mwanamke mwembamba aitwaye Bu Vero, mwenye sauti laini. Alimkalisha kwenye kiti kirefu, akamletea maji katika kikombe kidogo cha plastiki, akauliza shida yake. Wuryani akamweleza: jina Karyadi, gari jeupe, namba sita, lililipwa lini, lililipwa vipi.

"Taslimu yote?" aliuliza Bu Vero.

"Yote. Hatudaiwi hata senti."

Alitegemea kuona heshima katika uso wa yule mama. Akaona kitu kingine, kile ambacho daktari huwa nacho kabla hajafunga faili. "Bu," alisema meneja, "namba sita ni namba ya kuandikishwa. Siyo namba ya kupewa."

"Kwani ni tofauti?"

"Magari yanakuja machache. Kiwanda kinaangalia kwanza walioagiza lile la bei ya juu, kwa sababu ndilo wanalolitengeneza kwanza. Halafu wale ambao tayari wana gari letu jingine. Halafu sisi huku dukani, kwa yale yanayobaki, tunaanza na wateja wa mkopo."

"Wa mkopo kabla ya wa taslimu?"

"Kampuni ya mkopo ni ndugu na kampuni ya gari, Bu. Mteja wa mkopo anatuletea riba, analeta bima, tunakuwa naye miaka. Muuzaji naye anapata kamisheni yake nzuri. Wa taslimu..." Bu Vero akatafuta neno ambalo halitaumiza. "Wa taslimu akishachukua gari, tumeshaagana."

Wuryani aliweka chini kile kikombe cha maji. Yeye ni mtu wa soko. Pale mezani kwake mwenye hela mkononi huhudumiwa, na anayekopa husubiri pembeni akijikuna shingo. Hakuwahi kufikiri kuna mahali duniani ambako mambo hayo yamegeuzwa, na watu wenyewe wamevaa suti.

"Lakini mlitangaza," alisema. "Kwenye bango. Anayetangulia ndiye anayepewa."

"Ni kweli, Bu. Kila mmoja katika kundi lake."

"Wiki hii hakuna jeupe lililokuja?"

"Yamekuja matatu. Yote yana wenyewe."

"Wenyewe walioagiza kabla yetu?"

Bu Vero akatabasamu, akasimama. "Habari za mteja mwingine siwezi kuzitoa. Zungumza na muuzaji wako, Bu. Yeye ndiye anayepanga na wateja wake nani atangulie."

*

Seno alikuja jioni hiyo, viatu vipya, martabak ya moto, ile chapati ya kujazwa, mkononi, anapiga kelele za salamu tangu getini. Jumapili Karyadi na Wuryani walikuwa wampelekee posa kwa akina Dita, mchumba wake, binti wa Pak Broto, na kwa kuwa wazazi wa Wuryani na Seno walikufa Seno akiwa bado anakojoa kitandani, Wuryani ndiye mama na Karyadi ndiye baba wa kusema mbele za watu.

"Ulijua wa taslimu wanawekwa mwisho?" Wuryani alimuuliza kabla hajaketi.

Seno akaiweka martabak mezani taratibu. "Nani kakwambia?"

"Nimeuliza, ulijua?"

"Mbak, si niliwaambia mkope? Mas Kar alikubali?"

Karyadi, aliyeitwa Mas kwa heshima kama kaka mkubwa, alikuwa anafungua kifurushi; akatikisa kichwa. "Sikukubali."

"Sasa mnanilaumu nini? Mimi si kiwanda. Mimi ni kidole tu." Akacheka, akamkatia shemeji yake kipande kikubwa. "Mas, nakuapia, nahangaika. Jumatatu hii hii naweza kupata habari nzuri."

"Jumatatu ndiyo siku yenyewe," alisema Karyadi. "Pak Gunadi amesema saa ya kufungua ofisi anataka kuliona getini. Amenisogezea mpaka hapo, zaidi hawezi."

"Nimeelewa, Mas."

Alipokuwa anaaga alimvuta dada yake kando, karibu na sinki. "Mbak, jambo moja. Jumapili tusizungumze habari za gari kule. Pak Broto ni mstaafu wa serikali, mtu wa adabu zake. Hapendi biashara iingizwe kwenye mambo ya ukwe."

"Nani atazungumza magari siku ya posa?"

"Nasema tu." Akambusu mkono dada yake kama mtoto mwema, akaondoka.

*

Wajik haukubali kupikwa na mtu mwenye haraka. Wuryani aliusonga mchele wa kunata na sukari ya mnazi tangu Jumamosi mchana mpaka mabega yakamwaka moto, kwa sababu sinia la wajik ndilo la kwanza kutazamwa na upande wa binti: ukinata vizuri, ndoa nayo itashikamana. Aliukata vipande vya almasi, akaufunga kwa karatasi ya kung'aa na utepe wa dhahabu. Mengine, matunda na kitambaa na vipodozi, alinunua Seno mwenyewe, na yalikuwa ya bei.

Walikodi gari na dereva wake, mzee mmoja mnene wa Tambun aliyepiga miayo njia nzima. Karyadi alikaa mbele. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga breki ambayo haipo.

Nyumba ya Pak Broto ilikuwa na uwanja wa mawe madogo, na uwanjani lilisimama gari jeupe, jipya, utepe mwekundu bado umefungwa kwenye kioo cha pembeni, waya mnene wa kuchajia umetoka ukutani na kuingia ubavuni mwake. Karyadi alishuka, akasahau masinia, akalizunguka taratibu mikono ikiwa nyuma. Hakuligusa.

"Aina ile ile," alimnong'oneza mkewe, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Ona, mama Kinan. Letu litakuwa hivi hivi."

"Ndiyo, Mas. Chukua matunda, watu wanatusubiri."

Ndani waliketishwa, wakasalimiana kwa viganja viwili viwili, na Karyadi akasema maneno yake. Alisema vizuri. Hakujikwaa, hakuharakisha, aliomba radhi kwa masinia machache, akaeleza kwamba familia yao ni ndogo na haina jina, lakini imemlea kijana huyu kwa kazi halali. Pak Broto akajibu kwa adabu hiyo hiyo kwamba binti hana la kupinga, na Dita, kwenye kiti cha pembeni, akainamisha uso. Wuryani alimwona Seno anashusha pumzi. Akaona fahari, fahari ya kweli, kwamba mtoto waliyemlea kwa pecel leo anapokelewa kwenye nyumba ya mawe madogo.

Chai ikaja. Karyadi, masikini, hakuwa ameambiwa lolote kando ya sinki. "Samahani, Pak," aliuliza, "gari la hapo nje limefika lini?"

"Jumatano!" Pak Broto alifurahi kuulizwa. "Na niliagiza mwezi uliopita tu. Rafiki zangu wote wanasubiri tangu mwaka jana, wananionea wivu mpaka hawanisalimu."

"Mwezi uliopita? Bapak ulifanyaje?"

"Seno huyu huyu!" Akampiga kijana begani. "Kulikuwa na mteja wake mmoja, gari lake limeshafika, limeshaandikwa jina lake. Mtu wa taslimu, hana haraka. Seno akazungumza naye, yule bwana akakubali kuniachia yeye asubiri linalofuata. Nikamwambia mke wangu, kumbe bado wapo watu wanaojua ngalah."

Seno alikuwa anatazama kikombe chake.

Ngalah ni kumwachia mwenzio kilicho chako bila kununa, na Wajava huwafundisha hivyo watoto wao wakubwa mapema sana. Wuryani alifundishwa akiwa na miaka saba, siku Seno alipozaliwa. Alimwachia paja la kuku, akamwachia godoro, akamwachia shule. Yeye akaenda kuuza pecel. Kwa hiyo hakuhitaji kuuliza huyo mteja wa taslimu asiye na haraka ni nani. Alimtazama mumewe. Karyadi alikuwa bado anatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa linakauka polepole likiwa bado usoni.

Bu Broto, mwenye nyumba, hakuona kitu. Aligeuka kwa upole kumwelekea Wuryani. "Sasa Mama, wewe ndiye uliyemlea. Tuambie, huyu mtoto wetu yukoje?"

Ni swali la adabu tu. Jibu lake linajulikana: ni mtoto mtiifu, ana mapungufu yake, tunawaomba mumfundishe. Wote walimgeukia wakiwa tayari kuitikia kwa vichwa.

"Mtu huyo wa taslimu ni mume wangu," alisema Wuryani.

"Mbak," alisema Seno.

"Hakukubali kitu. Hakuna aliyemuuliza. Gari tunalihitaji kesho asubuhi, Pak, kesho ni tarehe moja. Bila gari hilo mume wangu hana kazi. Nimeuza shamba la wazazi wetu, wangu na wa huyu hapa, na Ijumaa alikaa mezani kwangu akala, na gari limeshalala hapa siku mbili."

Aliisogeza chai yake pembeni.

"Mas Seno," Dita aliuliza polepole, "ni kweli?"

Seno hakumjibu mchumba wake. Alimjibu dada yake, kwa sauti ya chini, na machozi yalikuwa yanamlenga kwelikweli. "Ningewauliza mngekubali. Si mngekubali, Mbak? Ungenikatalia lini wewe? Nilijua utakubali, ndiyo maana sikukusumbua."

Wuryani alingoja. Aliamini kwamba neno likishasemwa waziwazi mbele ya watu wa adabu, lazima kitu kitokee.

Ndipo Pak Broto akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama mtu aliyeona njia ya kutokea. "Astaghfirullah, kumbe ni nyinyi! Kumbe gari halikwenda mbali! Limebaki humu humu kwenye familia!"

Bu Broto akacheka naye, akashika kifua, akashusha pumzi. Mashangazi wa upande wa binti wakacheka. Hata Seno alitoa kicheko kidogo chenye unyevu.

"Ningelirudisha sasa hivi, Bu, wallahi," Pak Broto aliendelea, "lakini limeshaandikishwa kwa jina langu, dua imeshasomwa, mambo ya karatasi unayajua mwenyewe. Ila sikiliza, hii ni kheri. Macho yangu hayaoni vizuri jioni, natafuta dereva. Seno alishaniambia, nina shemeji, dereva mwenye subira hakuna mfano, na siku hizi yuko huru." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kadi nyembamba nyeusi, ndiyo ufunguo wenyewe. "Pak Karyadi. Mshahara tutazungumza kama ndugu. Utaendesha gari lako mwenyewe, na umeme nalipa mimi!"

Wakacheka tena, kwa raha zaidi.

Wuryani alimtazama mumewe. Huyu ndiye mtu aliyekataa riba. Huyu alisimama na helmeti kichwani akaapa. Alimtazama akingoja, na katika kungoja huko hakumwomba Mungu kitu kikubwa. Alitaka tu Karyadi aiache ile kadi hewani.

Karyadi aliiangalia. Akaangalia dirishani, kule uwanjani. Halafu akainama kidogo, akanyoosha mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, jinsi mtu anavyopokea kitu kutoka kwa mkubwa wake.

"Nashukuru, Pak," alisema. "Naweza kuanza kesho."

Wuryani akasimama. Akaenda kwenye meza ya masinia, akaacha matunda, akaacha kitambaa na vipodozi, akachukua sinia la wajik peke yake. Watu wakageuka kumtazama, maana hakuna asiyejua kwamba kitu cha posa kikinyanyuliwa, ni posa inayorudishwa.

"Mbak, usinifanyie hivi," alisema Seno. "Mbak, tafadhali. Mbele za watu!"

"Mama Kinan, keti," alisema Karyadi kwa upole, bila kumtazama. "Chai itapoa."

Hakuketi. Alipita mlangoni, akavaa viatu vyake kwa shida kwa sababu mikono ilikuwa na sinia, akavuka uwanja wa mawe madogo. Gari jeupe lilikuwa linanguruma chini chini, linakunywa umeme. Alilipita.

Mzee wa Tambun alikuwa amelala nyuma ya usukani, mdomo wazi. Wuryani akagonga kioo kwa kiwiko.

"Tunakwenda, Bu?" Mzee akajifuta uso, akachungulia nyuma yake kuelekea nyumbani. "Na Bapak je? Hatumsubiri?"

"Twende," alisema Wuryani, akajipakia nyuma na sinia mapajani. "Bapak ameshapata gari."